Capitoline wa Mashineni

Mimi ni mtu wa kelele, hata mume wangu Kamau, baba wa Whitney wetu, atakwambia, lakini asubuhi moja nilinyamaza mara mbili, na mara zote mbili aliyeninyamazisha ni Capitoline. Basi wacha nikusimulie.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwaka 2017, hapa Fort Worth. Tangu Alhamisi tulikuwa tunaambiwa kwamba baridi ya kugandisha inaingia mkesha wa mwaka mpya, na watu walikuwa wanabeba mikate na maji madukani ungedhani vita vimetangazwa. Mbele ya nyumba yetu, juu ya trela, ilikaa boti ya Kamau. Kamau ni nesi, na boti hiyo aliinunua kwa sababu wenzake wa kazini wana boti, hakuna sababu nyingine, usimwache akudanganye. Anaiita meli. Imeingia ziwani mara tatu. Wikendi hiyo mwenyewe alikuwa Alief, kule Houston, kwenye harusi ya binamu yake, akaniachia meli yake na maagizo ya kutosha kuvusha jeshi.

Capitoline ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni Mrundi, mwanawe anaitwa Egide, mwanamke mfupi wa mikono mipana, na kwa miaka tisa alikuwa anakunja mashuka katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Mwezi huo wa Desemba alikwenda kuomba kazi ya ufundi kwa mzee mmoja mwenye yadi ya kutengenezea boti upande wa Eagle Mountain Lake. Mzee hakumkubali wala hakumkataa. Alimwambia atafute boti yoyote, aitayarishe injini yake kwa baridi kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani, bila fundi mwingine, na yeye atapita Jumamosi saa sita mchana kuikagua. Kazi ikiwa safi, ameajiriwa. Ikiwa mbovu, arudi kwenye mashuka yake. Sasa mtaani kwetu, nani mwingine ana boti? Capitoline akaja kubisha kwangu.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema, nikamshinda Kamau kwa maneno kwenye simu, maana kuna jambo lilikuwa linanikaa rohoni. Mwaka 2008, nikiwa bado mwanafunzi, nilikuwa najitolea kutafsiri katika ofisi iliyopokea wakimbizi. Capitoline alikuwa ametoka kambi ya Mtabila, kule Kasulu, Tanzania. Mimi ndiye niliyejaza fomu yake. Kwenye sehemu ya ujuzi niliandika neno moja la Kiingereza, none. Yaani hana. Sikuwahi kumwambia, na nilidhani hajui.

Saa tatu asubuhi alifika na boksi la spana, kofia ya sufu ya Egide kichwani, na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo hata Krismasi. Kamau naye alikuwa tayari kwenye simu ya video, ndani ya suti, akitaka kusimamia kazi kutoka Houston. Akaanza na somo. Alisema injini ya boti haina rejeta ya maji kama gari, alishaitafuta akaikosa, sasa hayo maji ya kuganda yatatoka wapi?

Capitoline hakuinua hata kichwa. "Ina rejeta, Baba Whitney," akasema. "Rejeta yake ni ziwa."

Nikacheka mpaka simu ikataka kunianguka. Lakini alitueleza vizuri, polepole, kama unavyomweleza mtu mapishi. Injini hiyo inavuta maji ya ziwa, inayazungusha mwilini ili ipoe, halafu inayatapika. Ukiitoa ziwani, mengine yanabaki tumboni. Baridi ikija yanaganda, yakiganda yanavimba, na chuma kinapasuka kama chupa ya soda uliyoisahau kwenye friza. Injini ikishapasuka hivyo, hapo hakuna cha fundi wala maombi. Kamau akasogeza tai yake, somo likaishia hapo. Nilifurahi, sitaficha.

Tukaanza. Alifunga mpira wa bustani kwenye matundu ambayo injini inavutia maji, akaniambia nifungue bomba kisha niwashe. Mimi niwashe meli! Iliunguruma, majirani wakachungulia, mbwa wa jirani akapotea kabisa. Capitoline aliishika injini kwa kiganja, akasubiri ipate joto, maana ndani kuna kimlango kinachofunguka injini ikipata moto tu. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Aliinamisha sikio, akasema inaimba vizuri, ila ina mafua kidogo. Kisha akanionyesha nizime.

Chini ya injini kulikuwa na vizibo vinne. Cha kwanza akafungua, maji yakamwagika. Cha pili, maji. Cha tatu, maji, na mimi nikawa napiga makofi kila mara kama niko uwanjani. Cha nne kilikuwa chini kabisa, upande wa kushoto. Akakizungusha, akakitoa, tukasubiri. Hakuna kitu. Hata tone.

Wakati huohuo likaingia gari la mzee wa yadi. Alikuwa amewahi nusu saa nzima. Alishuka, akatusalimu kwa kofia, akasimama nyuma yetu, mikono kifuani.

Kamau akasema kwenye simu kwamba hapo pamekauka, maji yote yameshapitia kwingine, afunge na aweke dawa ya kuzuia kuganda kabla mgeni hajachoka kusubiri. Na mimi, kwa ushamba wangu, nikamuunga mkono. Nilikuwa naogopa. Niliona mzee anatazama saa, nikaona mashuka ya hoteli yanamrudia Capitoline, nikamwambia afunge tu, Mama Egide, funga.

Yeye alikuwa amekaa chini kwenye saruji, kizibo mkononi, anakitazama kile kitundu kama mtu anayesikiliza umbea asiouamini.

"Hii inadanganya," akasema. "Hata mashineni ilikuwa inanifanyia hivi."

Nikauliza, mashineni wapi?

Hapo ndipo aliponieleza, huku anafuta kitundu kwa kitambaa. Kambini kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na mashine hiyo ilikuwa na injini ya dizeli ya silinda moja, yenye gurudumu zito, iliyopozwa kwa maji ya pipa. Aliiendesha yeye. Miaka kumi na mmoja. Akiiwasha kwa mkono, akiifungua, akiifunga, na kambi nzima ikila ugali kwa sababu yake. Siku za vumbi, bomba la pipa lilikuwa linakauka na pipa limejaa, kwa sababu kutu na mchanga vimekaa mlangoni. Wasiojua walikuwa wanasema maji yameisha.

Nikanyamaza. Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Maana nilikumbuka, neno kwa neno. Mwaka ule nilimuuliza alikuwa anafanya kazi gani, akanijibu, "Nilikuwa mashineni." Mimi nimelelewa Nakuru. Kwetu mashineni ni mahali mama yangu aliponituma na debe la mahindi kichwani. Nikaelewa alikuwa anapeleka mahindi kusagwa, kama mwanamke yeyote, na hiyo si kazi. Swali la pili sikuuliza. Foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa na njaa. Jameni, miaka tisa ya mashuka.

"Mama Whitney," akaniita, "niletee waya."

Nilikimbia. Sikupata waya, nikachomoa henga ya suti nzuri ya Kamau, suti ikaanguka, ikae huko. Capitoline akainyoosha henga kwa meno na mikono, akaiingiza kwenye kitundu, akachokoa. Ikatoka kutu kidogo. Akachokoa tena. Ukatoka mchanga, kisha kitu kama uji mweusi. Mzee wa yadi akapiga hatua mbele. Capitoline akazungusha ile henga mara moja, akaivuta, na maji yakaruka mekundu, mengi, yakamlowesha kifua, yakafika mpaka kwenye viatu vya mzee. Nikapiga vigelegele ambavyo nadhani hata Kamau alivisikia bila simu.

Mzee hakuondoa mguu. Aliyatazama yale maji mpaka yakaisha, kisha akainama, akachungulia kile kitundu kwa tochi, akarudi nyuma. Capitoline alimaliza kazi yake kana kwamba tuko peke yetu. Alirudisha vizibo vyote, akamimina dawa ya pinki kwenye mpira mkubwa wa juu, galoni baada ya galoni, mpaka ikaanza kutokea upande wa pili. Mzee akaikinga kwa kiganja, akaangalia rangi yake, akajifuta kwenye suruali.

Akamuuliza alijifunza wapi.

Sasa elewa. Capitoline anajua Kiingereza. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameshabishana na mzee kwa simu kuhusu idadi ya galoni za dawa na akamshinda. Lakini hakumjibu. Alinigeukia mimi, uso umejaa kutu, akanitazama machoni, akasema kwa Kiswahili.

"Mwambie nilikuwa mashineni."

Nikatafsiri. Nilitafsiri yote, injini, gurudumu, pipa, ile miaka kumi na mmoja, kambi nzima iliyokula. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Jumanne saa moja asubuhi, aje na glavu zake, kisha akaenda kwenye gari, akarudi na karatasi ya kazi na kalamu. Kamau alikuwa anashangilia ndani ya simu, na nyuma yake harusi nzima ya Alief ilikuwa inauliza kuna nini.

Capitoline alionyesha mikono yake iliyochafuka. Akanisukumia karatasi kwa kiwiko.

"Jaza wewe," akasema. "Unajua, neno la kwanza la Kiingereza nililojifunza kusoma ni lile uliloniandikia. Nilimwonyesha Egide nakala yangu ya fomu aliporudi kutoka shule. Aliniambia maana yake ni hakuna."

Hiyo ndiyo mara ya pili. Nilisema nisamehe, ikatoka ndogo sana. Alinigonga begani kwa bega lake lililolowa, akaniambia nisilie juu ya karatasi ya watu, wino utatoka. Alikuwa anacheka, jameni, anacheka kwelikweli.

Nikaiweka karatasi juu ya boti. Kwenye sehemu ya ujuzi waliacha mstari mmoja tu. Nikaujaza, nikaendelea pembeni, nikageuza nyuma, naye amesimama begani kwangu anasoma kila neno.