Maelezo ya Mtaro

Waraka ulitamka, kwa herufi kubwa, kwamba taarifa ya maendeleo ya kila mradi wa maji itatolewa kwa wananchi na mtaalamu mwenye sifa, na si mtu mwingine yeyote. Katika kijiji kimoja cha Ziwani mtaalamu huyo alikuwa Fikirini, mhandisi, mkazi wa Shangani. Sifa alikuwa nazo, zimepigwa muhuri.

Alikuja mkutanoni na chati ya rangi nne. Bomba lilikuwa limebakiza kupita shamba la Mzee Mohamedi, na mzee alishakataa mara mbili. Akikataa na leo, mabomba yanahamishiwa kijiji kingine.

"Utekelezaji umefikia asilimia sitini na nane," alisema Fikirini.

"Mwanangu," alijibu Mzee Mohamedi, "hiyo asilimia nikiitegea ndoo, inajaa?"

Watu wakaangua kicheko. Fikirini akafungua chati ya pili.

Hapo akainuka Mastura, anayewauzia mafundi vitumbua. "Baba, mikorosho yako si imetoa maua? Ukisema leo una korosho, tutakucheka. Basi kisima tulichochimbiwa ndiyo maua. Bomba lisipopita kwako, hatuokoti kitu."

"Na korosho zangu zikidondokea mtaroni?"

"Wanachimba na kufukia siku tatu. Msimu wa kuokota utakuta pameshafunikwa. Injinia mwenyewe kaniambia jana, anakula."

Ni kweli alimwambia. Alimwambia kwa sababu aliulizwa, na kwa sababu vitumbua vilikuwa vya moto. Sasa aliyasikia maneno yake kinywani mwa mwingine, yamependeza kuliko alipokuwa nayo yeye, na roho ikamuuma. Miaka minne ya chuo, na hakuna mtu aliyewahi kusogeza mkeka ili amsikie vizuri. Akatafuta kosa. Akalipata: zilikuwa siku tatu *za kazi*.

"Marekebisho kidogo," alisema, akinyoosha mkono.

Mwenyekiti, aliyekuwa ameshaanza kuhesabu wanaokubali, akauhesabu na mkono huo.

"Haya, pita, injinia," alisema Mzee Mohamedi. "Ila siku nyingine mtangulize huyu, usituchoshe."

Ripoti Fikirini aliiandika mwenyewe: wananchi walielimishwa na mtaalamu, wakaridhia. Jina la Mastura halikupata nafasi.

Mwezi uliofuata alifika saa nne kamili, na chati mpya. Mkutano uliahirishwa kwa wiki moja. Mastura alikuwa na malaria.