Fundi wa Bunda aliyemwachia mzee maksai wake

Saa tatu asubuhi dukani kwake mjini Bunda, fundi Wankyo Magige anafungua faili la kumi kwenye laptop ileile, na bado hajaridhika. Kando yake ameketi Mzee Machibya wa Guta, fimbo magotini, anakitazama kioo kama anayekagua mnyama mnadani.

Mzee amemleta Dorah, mtoto wa marehemu dada yake, anayeanza chuo cha uuguzi Musoma wiki ijayo. Mtamba mmoja ameshauzwa, na pesa yake inatosha laptop yenye memori ya GB 8. Lakini mzee ameambiwa kijijini kwamba mwanachuo anahitaji 32. Yuko tayari kumuuza maksai mmoja kati ya wawili wanaovuta plau, na mvua za vuli zimekaribia.

"Mjomba, tutalima na nini?" Dorah anauliza.

"Tutaazima. Mama yako angekuwepo, asingekubali usomee kitu kidogo."



Wankyo (36) hauzi laptop kabla haijabebeshwa kazi za mnunuzi. Amemuuliza Dorah atafanya nini chuoni, kisha amefungua vyote kwa pamoja: notisi, video za masomo, kurasa kumi na mbili za mtandao. Mashine ya GB 4 ilikwama mapema, akaiweka chini ya meza.

"Memori ni meza ya kazi, siyo kabati la vitabu," anamweleza mzee. "Watu wanakujaga hapa wanataka meza ya harusi nzima, kumbe wanakula wawili."

Ufundi alifundishwa na kaka yake, Burito, aliyefariki miaka mitatu iliyopita na kumwachia duka na boksi la bisibisi. Utaratibu wa kujaribu aliuanza baada ya kosa lake mwenyewe. Mtu wa Kiabakari aliuza mbuzi wake akanunua mashine kubwa kuliko zote dukani, ya kuandikia barua za kwaya.

"Niliona haimfai, nikanyamaza. Mpaka leo nikimwona sokoni napitaga njia nyingine," anasema, akicheka kidogo.

Kunyamaza kuna faida. Mwezi wa kawaida humwachia kama laki nne. Laptop ya GB 32 ingempa laki moja na nusu kwa siku moja. Hii ya 8 itampa elfu arobaini.

Anakigeuza kioo. Kipimo kinaonyesha memori iliyotumika haijafika hata GB sita kati ya nane.

Mzee hajashawishika. Anataka iachwe hivyohivyo saa nzima. "Maksai hatumnunui kwa kumwona anatembea. Mwache avute."

Chai inaletwa. Saa inapita, video inaendelea bila kukwama, kipimo kiko palepale. Mzee anauliza kuhusu mwaka wa tatu, kazi zikiongezeka. Wankyo anafungua mfuniko wa chini, anamwonyesha nafasi tupu ya kuongezea memori.

Mzee anapeleka kidole mpaka pale, kisha anamgeukia Dorah. "Beba hii. Jumatatu tunalima."

Baada ya mavuno Wankyo anataka kupeleka meza yake ya majaribio Guta, kisha Butiama, siku za gulio.

"Hapa dukani wananifikia wakiwa wameshauza," anasema. "Nataka niwakute ng'ombe wakiwa bado zizini."