Kondoo Aliyefuliwa Mto Themi

"Mto ni wa Mungu, sikatai! Lakini kanzu ni za watu, na Idi ni kesho!"

Huyo ni Mwanamkuu binti Shomari, dobi wa mtaa wetu kando ya Themi, na siku hiyo sauti yake ilifika mpaka sokoni. Alikuwa ametandaza kanzu kumi na mbili juu ya majani zipigwe na jua, akageuka kukoroga bluu ya kung'arishia nguo kwenye karai. Alipotazama tena, kondoo amesimama katikati ya kanzu ya Shehe Omari, anatafuna pindo, miguu imejaa tope. Nyuma yake, na kipande cha kamba iliyokatika mkononi, alikuwa mama wa Kiarusha kutoka Sekei, jina lake Naipanoi.

"Kondoo hajui kanzu," akasema Naipanoi. "Na wewe umeyavika nguo majani yote. Apite wapi?"

"Apite darajani, kama wenye akili!"

Mwanamkuu ni mtu mwema, ila mkono wake hutangulia akili. Akanyanyua karai ili amfukuze mnyama, na maji yote ya bluu yakamwagika mgongoni. Kondoo aliyekuja mweupe akageuka rangi ya mlango wa duka.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha tukamwona Naipanoi ameketi chini, na kicheko kikatukauka.

"Huyu anakwenda Lemara leo hii," akasema. "Ni wa mama wa binti anayeposwa na mwanangu Lerionka. Anatakiwa mweupe, asiwe na doa hata moja. Wananingoja. Nikimfikisha hivi, watasema tumewadharau, na harusi imekwisha."

Mwanamkuu akatazama kondoo. Akatazama jua. Akakunja mikono ya gauni.

"Inuka, mama. Nani kakwambia mimi nafua kanzu tu?"

Hapa lazima niwaeleze sisi watu wa mtoni tukoje, maana wa mitaa mikavu wanatuonea huruma ya bure. Nyumba zetu za udongo zimebanana mpaka ukingoni, na mapaa ni madebe yaliyonyooshwa. Masika vitanda tunavipandisha juu ya matofali, na vyura wanapiga kelele kumshinda mwadhini. Bwana Afya huja na kopo lake la mafuta ya kuua viluwiluwi vya mbu, anatutisha kuwa tutahamishwa. Mwanamkuu alimjibu, "Bwana, mbu tumewakuta hapa. Waandikie wao barua." Tuhame twende wapi? Magimbi yanaota yenyewe mlangoni, upepo wa mlimani unashuka na maji, na mji mzima unaleta nguo zake kwetu, pamoja na siri zilizo mifukoni. Baba yake Mwanamkuu alifika hapa enzi za Mjerumani, mpagazi kutoka Pangani. Akautua mzigo akanywe maji ya Themi, na akakataa kuunyanyua tena.

Basi kondoo akaingizwa mtoni. Sophia, jirani yetu mwenye mikono ya kuchanjia kuni, alimshika kichwa. Mwanamkuu akatoa mche mzima wa sabuni, wa pekee aliokuwa nao, na tangu vita sabuni imekuwa kama dhahabu.

"Shingo kwanza!" akaamuru. "Nguo yoyote uchafu wake uko shingoni."

"Huyu ana kola?" akauliza Sophia.

"Anayo kukushinda wewe."

Wakasugua mara ya kwanza, maji yakaenda na bluu. Mara ya pili, yakaenda na tope la Sekei. Mche wa sabuni ukabaki kama ukucha, kisha ukapotea. Ndipo Mwanamkuu akachota maji safi kwenye karai, akatia bluu kidogo sana, kiasi cha ncha ya kidole.

Naipanoi akapiga yowe. "Bluu tena? Unataka kuniua?"

"Nyamaza, mama. Weupe mtupu una umanjano ndani yake. Bluu kidogo ndiyo inayouamsha. Hii kazi yangu."

Akammiminia. Naipanoi akafumba macho. Kondoo akajikung'uta, akatulowesha sote, akasimama juani. Walahi, theluji ya Kilimanjaro ingemwonea wivu.

Naipanoi hakukaa kumtazama tu. Alikwisha kujifunga nguo kiunoni, akaifua kanzu ya Shehe kwa maji matupu na nguvu za mikono, nasi tukamsaidia zilizobaki. Kabla ya adhuhuri akashika njia ya Lemara.

"Nina deni lako la sabuni," akasema.

"Unalo, na mimi sisahau."

Siku ya Idi, Shehe aliswalisha na pindo lililotafunwa, na hakuna aliyekufa. Tangu hapo Naipanoi hakupita kwenda sokoni ila aliitwa kutoka mtoni:

"Sabuni yangu, mama!"

"Madukani haipo!"

"Basi deni linanenepa!"

Masika yalipokwisha, akaja na mwanakondoo jike, mweupe, kamba mpya. Lerionka ameoa, akatuambia. Mama mkwe alimzunguka yule kondoo mara tatu, akauliza mlimani kuna majani gani siku hizi, hata kondoo wang'ae hivyo.

"Na huyu ndiye sabuni yako," akamwambia Mwanamkuu.

"Kondoo kwa mche mmoja? Unataka niitwe mwizi mtaani?"

"Kwetu watu wakipeana kondoo, majina yao ya kwanza yanakoma. Wewe utaniita Pakeri, na mimi nitakuita Pakeri, mpaka tufe. Unakataa?"

Mwanamkuu akapokea kamba, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasingizia povu.

"Deni limekwisha, Pakeri," akasema. Halafu akageuka. "Sasa nisaidie kumtoa kwenye kanzu zangu!"