Fundi Aliyebaki na Neno la Siri

Fundi wetu wa kompyuta hapa Kasulu hufuta vidole kwa leso kabla ya kugusa kibodi, na huongea taratibu kama anayebembeleza mtoto. Ndivyo alivyotuunganishia mtandaoni diski ya picha za nyumbani, ili dada yangu Asmahani azifungue kwa simu akiwa Kibondo. "Usihofu, mama," alimwambia mama yetu, "hakuna mwingine atakayeziona."

Juzi nilimkuta dukani kwake akiwaonyesha wateja picha kwenye simu yake. Alikuwamo mama, kichwa wazi, akicheza chumbani siku ya harusi ya Asmahani.

"Umeipata wapi?"

"Neno la siri ninalo, dada. Najaribu tu kama bado linafungua," akajibu kwa upole uleule.

Nilimsimamia mpaka akajiondoa kwenye diski yetu. Mama nilimweleza. Tangu hapo havui mtandio, hata akiwa jikoni peke yake.