Mti wa Madamu

Juzi mjukuu wangu, ambaye huniita Koko kama wajukuu wote wa kwetu, alinitumia picha kutoka Ubelgiji: miti mifupi ya miiba, imejaa maua meupe kando ya barabara. Niliitambua. Mmoja kama hiyo ulikuwa kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, uani kwa Madamu, mke wa mzungu mnunuzi wa pamba.

Kila alasiri ya kiangazi mama aliupelekea maji ya ziwani, ndoo kichwani. Nilimfuata nyuma, nikinusa jasho lake na ndagala, dagaa wa kwetu, zilizoanikwa ufukoni. Mti ule ulizungushiwa mawe, kama ule tuliopanda juu ya kaburi la mdogo wangu, ambao mama aliumwagilia kila jioni. Nikajua Madamu naye amezika mtoto pale, nikawa napita nikinyata.

Alasiri moja tulimkuta Madamu akilia mbele ya majani yaliyokauka.

“Mama, mutoto wake alikufa lini?” nikanong'ona.

Mama alitua ndoo, akajikanda shingo. “Hakuna mutoto. Ni muti ya kwabo tu. Hapa haizoee.”

Kesho yake tuliongezewa ndoo mbili. Mti wa mdogo wangu ulikauka mwezi ule. Jioni mama hakuwa tena na shingo ya kubebea maji.

Nilimuuliza mjukuu nani anaimwagilia miti ile.

“Hakuna muntu, Koko. Huku inaota yenyewe tu.”