Diski Iliyopigwa Musasa

Shemeji yangu, kaka mukubwa wa muke wangu, alirudi kutoka Lusaka na maboksi kumi na mbili, akayapanga mbele ya garaje yangu pale Kashikishi, karibu na soko la samaki. Ndani ya kila boksi mulikuwa na mipira miwili minene ya kupitisha hewa, midomo miwili ya alminiamu ya kufunga chini ya bampa, na karatasi yenye picha ya gari ya mashindano. Karatasi ilisema kwamba ukifunga vitu hivi, upepo wa mwendo unaingia moja kwa moja kwenye freni na joto linapungua nusu.

Mimi ni fundi wa freni. Huku Zambia wanasema breki, lakini kazi niliijifunza Lubumbashi, kwenye garaje ya muzungu mumoja aliyekuwa akikimbiza magari. Kwake ndipo niliona mipira ya namna hii mara ya kwanza. Inasaidia, sikatai. Inasaidia diski nene ya freni, ile yenye njia za hewa katikati yake, na ukiielekeza kwenye kitovu cha gurudumu. Magari mengi ya huku yana diski nyembamba ya chuma kitupu, bila njia hizo. Ukiipulizia hewa upande mumoja, unapoza kidogo, na gari ikipunguza mwendo hata hicho kidogo kinaisha.

Nilimwambia hivyo siku ileile.

"Shemeji, weye kila kitu unaona kibaya," alinijibu akicheka. "Nipe siku moja. Nitakuonyesha kwa macho."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Alikuwa ameazima gari ya mufanyabiashara mumoja wa samaki, Mubemba wa palepale. Ilikuwa gari ya sport ya Japani, nyekundu, fupi, milango miwili, ndiyo peke yake ya namna ile katika Nchelenge nzima. Mwenyewe aliipenda kupita kiasi. Kwa kawaida alipakia samaki wabichi wa kisiwa cha Chisenga katika masanduku ya barafu nyuma ya viti, akapanda nao mpaka Kawambwa kabla wengine hawajafika, kisha akateremuka mulima mutupu, mbio. Muke wake alikaa kando yake kila safari. Yeye ndiye aliyepatana bei na watu wa mitumbwi, na Kiswahili chake cha biashara kilikuwa kizuri kuliko cha bwana yake.

Shemeji alifunga mupira kwenye gurudumu la kushoto tu. La kulia aliliacha vile lilivyo. Akakimbiza gari kwenye lami na kufunga freni kwa nguvu mara kumi, watu wamejaa kandokando, kisha akasimama, akatoa magurudumu mawili ya mbele, akashika pistole ya kupimia joto. Aliielekeza kwenye diski ya kulia, akawaonyesha watu namba. Aliielekeza kwenye ya kushoto. Namba ilikuwa chini ya nusu.

Watu wakaanza kuuliza habari za maboksi.

Mimi nilikaribia. Niliona kwamba alikuwa akipima sehemu ya katikati ya diski, ile ambayo plaketi, vile vibao vinavyobana diski, hazigusi. Upande wa kulia sehemu ile ilikuwa na kutu nyeusi ya miaka. Upande wa kushoto ilikuwa imepigwa musasa mpaka inang'aa kama kijiko kipya. Na pistole ya namna ile inadanganywa na chuma kinachong'aa. Inasoma joto dogo kuliko lililopo. Kila mutu aliyefanya kazi ya freni kwa makini anajua.

Sikusema kitu mbele ya watu. Nilijiambia nihakikishe kwanza. Siku mbili baadaye nilienda kwa fundi anayetengeneza friza za samaki, nikaazima pistole yake, nikamuomba mwenye gari anipe asubuhi moja. Nilipaka diski zote mbili alama ndogo ya rangi nyeusi, ile ya egzosi isiyoungua, ili pistole isome sawasawa. Nikaendesha hadi Mbereshi na kurudi, nikifunga freni kwa nguvu kila kilometa, nikipima pande zote mbili kila niliposimama. Tofauti ilikuwa digri kumi hivi, mara nyingine hakuna. Pia niliona kwamba mupira ulikuwa unagusa kamba ya mafuta ya freni, bomba jembamba linaloleta mafuta kwenye gurudumu, usukani unapokatwa.

Shemeji nilimukuta nyumbani kwangu, anakula. Nilimuelezea yote. Hakukana.

"Musasa nilipiga, ndiyo. Kutu ni uchafu. Mutu anayeuza nyanya haoshi nyanya?"

"Nyanya iliyooshwa haiui mutu."

"Na hii itamuua nani? Inapunguza joto, haipunguzi? Weye mwenyewe umesema digri kumi."

Alinawa mikono, akatoka. Muke wangu alikuwa amesimama mulangoni muda wote ule. Alikuja kukaa karibu yangu, akaongea polepole, bila hasira.

"Kumbuka ni nani alimubeba mutoto wetu mugongoni siku nne, mpaka Pweto. Weye ulikuwa huwezi hata kujibeba. Sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze tu."

Ni kweli. Tulipokimbia vita kule Kongo, mimi nilikuwa na malaria, na binti yetu alikuwa na miaka mitatu. Kama si mugongo wa shemeji, leo binti huyo asingekuwa anasoma sekondari Mansa. Nilikaa na maneno yale wiki nzima. Nilijaribu kuyaweka kwenye mizani pamoja na ile kamba ya mafuta, nikashindwa, na nikaita kushindwa kwangu busara.

Bwana wa gari nyekundu alinunua. Alitaka nifunge mimi, kwa sababu aliniamini. Nilifunga. Mipira niliielekeza vizuri, nikaifunga kwa waya mbali na kamba ya mafuta, ili walau isikate kitu. Nilipokuwa chini ya gari, muke wake aliinama kando ya gurudumu, mikono juu ya magoti.

"Ba fundi," akasema, akichanganya adabu ya Kibemba, "huyu bwana yangu sasa anasema hatatafuta tena gia ndogo ya kushikilia gari kwenye mulima wa Kawambwa. Anasema freni zinapumua. Ni kweli, mukwai?"

Alikuwa karibu sana hata niliona unga wa muhogo kwenye kucha zake. Huyu ndiye mama aliyetuletea samaki wa kwanza tulipofika, kabla hatujajua hata kusalimia kwa Kibemba.

"Itasaidia kidogo," nikasema. "Aendeshe polepole."

Aliningoja niendelee. Nilipogeuka kukaza bolti aliyoniona nimeshaikaza, akasimama na kwenda kwenye kivuli.

Wiki ya tatu waliteremuka kutoka Kawambwa mchana, jua kali, gari tupu. Bwana aliweka gia kubwa na kushika freni njia nzima. Watu waliokuwa nyuma yao walisema waliona moshi kwenye magurudumu kabla ya kona ya mwisho. Pedali ilizama hadi chini. Gari iligonga ukingo wa udongo kwa upande wa kulia kwake… hapana, upande wa kushoto, upande wa muke. Nimelisimulia jambo hili mara nyingi kichwani na bado ninataka kulibadilisha upande. Bwana alitoka na mikwaruzo. Muke wake walimukata muguu chini ya goti.

Nilienda kumutazama hospitalini na mfuko wa machungwa. Bwana yake alikuwa ametoka kutafuta dawa. Mwenyewe alikuwa amelala akiangalia dari, na mama mumoja wa kitanda cha jirani alikuwa akimupepea.

"Siku ile nilikuuliza," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi."

Akageuza uso, akaanza kuongea na jirani yake kwa Kibemba kuhusu mambo ya kufua nguo. Niliweka machungwa yangu chini ya kitanda.

Shemeji alipopata habari alisikitika kwelikweli, alilia hata kanisani. Lakini aliposikia kwamba ninasema habari za musasa kwa watu, alikuja garajeni.

"Karatasi haisemi mutu ateremuke mulima bila gia. Soma. Hakuna mahali imesema."

Nilisoma. Ni kweli, hakuna mahali imesema. Joto nusu ndilo neno lao. Mulima na gia wamemuachia mununuzi. Shemeji alichukua maboksi yaliyobaki akahamia Chienge, na nasikia bado anauza, siku hizi kwa watu wa pikipiki.

Mimi niliwatafuta wote walionunua, nikawaambia nitavitoa vyombo vile bure. Wanne walikubali. Wengine walinitazama kama mutu mwenye wivu. Mwalimu mumoja aliniambia: "Ulipokuwa unafunga ulinyamaza. Sasa shemeji yako ameenda, ndiyo unapata sauti?"

Nyumbani tunaongea mambo ya nyumba tu. Muke wangu anampelekea kaka yake unga kwa watu wanaoenda Chienge, haniambii, nami siulizi. Hajawahi kusema kwamba alikosea kuniomba. Mimi sijawahi kumwambia kwamba alikosea, kwa sababu aliniomba tu. Kunyamaza kulikuwa kazi yangu.

Yule mama amerudi sokoni. Anauza akiwa ameketi, fimbo mbili zimelala nyuma yake. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya meza yake. Alinisalimu kwa heshima yote, "mwapoleni mukwai," nami nikaitika. Kisha akamuhudumia mutu aliyekuwa nyuma yangu, na aliyekuwa nyuma ya huyo, mpaka nikaelewa, nikaenda kununua kwa mwingine.