Nyumba Aliyoikataa Masouda

Sleyum alikuwa keshastaafu miaka minane alipomwambia mkewe kitu alichokuwa akikitaka. Ilikuwa Alkhamisi moja ya mwaka 2006, nyumbani kwao Azaiba, mtaa wa Maskati, na Masouda alikuwa jikoni anakaanga sambusa.

"Twende nikakuoneshe pahala nilipokuwa nikikaa," alisema.

Masouda alijua ni wapi. Ni kule kwenye mgodi wa shaba, nyuma ya milima ya Batina. Shaba ilipokwisha mgodi ulifungwa na mji wake ukahamwa. Sleyum alikuwa mkuu wa karakana huko kwa miaka mingi. Akija Maskati Jumatano jioni, akirudi Ijumaa baada ya laasiri. Miaka yote hiyo Masouda hakwenda hata mara moja.

Na siku hiyo pia alitaka kusingizia goti. Lakini alipomtazama mumewe, keshavaa dishdasha safi na kofia, ufunguo wa gari mkononi, aliona haya. Akatia sambusa kwenye bakuli, akajaza chupa ya chai, wakaondoka.

Njiani hawakuzungumza sana. Ndivyo walivyozoea. Walipoiacha barabara ya pwani mitende ilipungua, ikaja migunga, kisha mawe matupu mpaka macho yanapoishia. Lami nayo ikakatika.

Mji wenyewe ulikuwa safu chache za nyumba za saruji na msikiti mdogo, na nyuma yake vilima vyeusi vya mabaki ya shaba. Milango ilikuwa imeng'olewa. Mbuzi wawili walitoka ndani ya nyumba moja wakasimama kuwatazama.

"Jioni hapa watoto wakicheza mpira, huna pa kupitisha gari," alisema Sleyum.

"Watoto?"

"Watoto wa wafanyakazi. Si nilikwambia kuna nyumba za familia?"

Alimwambia, kweli. Mtoto wao Nasr alikuwa ndiyo kwanza anaanza skuli na mdogo wake Nouf bado ananyonya, Sleyum alipokuja na habari kuwa kapewa nyumba. Masouda hata hakumwacha amalize. "Mimi nishahama Unguja, nishahama Dar, nishahama Dubai," alimjibu. "Leo nnakaa karibu na ndugu zangu. Sihami tena kwenda kukaa na mawe." Sleyum hakubishana wala hakulirudia neno hilo, na Masouda akahisabu kuwa limekwisha.

Nyumba aliyopewa ilikuwa ya mwisho safu ya pili. Sleyum aliingia mbele, akisukuma vigae vya kioo kwa kiatu. Sebule, vyumba viwili, jiko. Masouda alilisogelea karo la kuoshea vyombo akaweka mikono yake pembeni. Yeye ni mfupi. Azaiba huosha vyombo kasimama juu ya kibao. Karo hili lilimfika kiunoni sawasawa.

"Mbona liko chini hivi?"

"Nilimwambia fundi alishushe. Kabla sijaja kukwambia habari ya nyumba."

Masouda akauliza, "Akioshea nani?"

"Mimi."

"Na urefu wako huo?"

"Nikiinama," alisema Sleyum, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi.

Walikula sambusa kibarazani, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Masouda aliuliza kama palikuwa na wanawake wa kwao, wanaosema Kiswahili. Sleyum akamwambia walikuwepo, na mmoja, Muhsina, aliyetoka Bujumbura, akimletea maandazi kila Jumamosi.

"Akiniuliza, mkeo anakuja lini?"

"Ukimjibu nini?"

"Mwezi ujao."

Masouda aliirudisha sambusa bakulini.

"Nisamehe, Baba Nasr."

"Ulikuwa na watoto wadogo," alisema Sleyum, akakung'uta makombo kwenye dishdasha yake. Hakusema kuwa keshamsamehe, wala hakusema kuwa hapana cha kusamehe.

Kwenye gari, wakirudi, Masouda ndiye aliyeanza kuzungumza. Alitaka kujua jirani wa upande wa pili alikuwa nani.

"Mmoja hivi, wa Sur. Jina lake…" Sleyum alifikiri mpaka wakaikuta lami. "Limenitoka."

"Na Ramadhani ukifuturu na nani?"

"Tulikuwa kundi. Mmoja alikuwa hodari wa kupika uji." Huyo naye jina halikuja. "Ungeniuliza zamani, Masouda. Nilikuwa nikija Jumatano nna maneno tele."

Alisema bila hasira. Masouda akazikumbuka Jumatano hizo: Sleyum yuko mlangoni hata viatu hajavua, na yeye keshaanza habari ya pampu ya maji iliyoharibika, ada ya skuli, wageni wa kesho. Sleyum akikaa kwenye kiti, akisikiliza.

Masouda hakuacha kuuliza, njia nzima, mpaka Azaiba. Machache Sleyum aliyajibu. Mengi yalikuwa yameshampotea.